Beseni Lirudi Uani: Mwongozo wa Kupiga Msuli Bila Kujitesa

Ikifika Oktoba, nyumba yenye mtahiniwa wa kidato cha nne huanza kupotelewa na vitu. Kwanza unapotea usingizi. Kisha zinapotea uniti za luku, maana taa inawaka hadi alfajiri. Mwisho linapotea beseni la kufulia. Mama analitafuta uani, analitafuta bafuni, anamsingizia jirani. Kumbe beseni liko chini ya meza ya kusomea, limejaa maji baridi ya kufukuza usingizi, na ndani yake imo miguu miwili ya mtoto wa watu anayesoma ukurasa uleule wa Baiolojia kwa mara ya tisa.

Elimu ya beseni hurithishwa. Kaka humwachia mdogo wake, bwenini vidato vya juu huwaachia vidato vya chini, na pamoja nayo huenda punje za buni za kutafuna na kitambaa chenye maji cha kujifutia uso. Nimekaa na watahiniwa miaka mingi na sijaona hata mmoja aliyeulizwa kwenye karatasi alikesha siku ngapi. Kwa hiyo agizo la kwanza la mwongozo huu hili hapa: simama, toa miguu, mwagia mchicha yale maji, na beseni lirudi uani.

Mwaka 1924, John Jenkins na Karl Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwapa wanafunzi wawili orodha za silabi zisizo na maana wazikariri. Siku nyingine wanafunzi hao walikariri kisha wakalala. Siku nyingine walikariri kisha wakaendelea na shughuli zao za mchana. Usingizi ulipofuata, silabi nyingi zaidi zilibaki. Tafiti zilizokuja baadaye zimezidi kuonyesha kwamba mtu akilala, ubongo wake haulali naye: unapanga ulichokusanya mchana. Anayekesha na beseni anaubebesha ubongo mizigo mchana kutwa, halafu usiku anaunyima nafasi ya kuipanga ghalani. Saa nne usiku, mwanangu, lala.

Sasa tuje mezani. Mtahiniwa wetu ana kalamu tatu za rangi. Ya njano ni ya mambo muhimu, ya kijani ni ya mambo muhimu sana, na ya waridi ni ya mambo ambayo mwalimu alisema yatatoka. Akimaliza kupaka, daftari linapendeza kama kanga ya Eid, na yeye anajisikia amesoma. Kesho anarudi kuisoma ile kanga. Keshokutwa tena. Kila akirudi anayaona maneno ni ya kuzoeleka, na hapo ndipo anapojidanganya, kwa sababu kulizoea jibu si sawa na kuweza kulitoa mwenyewe mbele ya karatasi tupu.

Hili limepimwa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja lilirudia kuvisoma. Jingine lilifunika karatasi na kuandika lilichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja waliojipima waliwaacha mbali. Dakika 5 zile ndizo zinazotuponza: mtu anafunga daftari saa tatu usiku, anajiona kipanga, na wiki inayofuata hana kitu.

Agizo la pili, basi, ni kuziweka kalamu za rangi na kutega vitendawili.

Sisemi kwa mafumbo. Namaanisha vitendawili vilevile vya jioni, vya “Tega!” na vya kutoa mji. Uangalie mchezo huu unavyokwenda. Swali linakuja, kitabu hakipo. Unahangaika kulitafuta jibu kichwani. Ukishindwa unalipa, unatoa mji, na mwenzako anakwenda kula na kunywa huko kwa madaha huku wewe unasubiri na roho inakuuma. Ndipo unapewa jibu, na jibu ulilolilipia mji halitoki haraka. Walichokifanya wale wataalamu wa St. Louis mezani, watoto wa Pwani na bara wamekifanya mkekani tangu zamani, tena wakicheka.

Kwa hiyo kusanyeni kikundi cha diskashen, watu wanne au watano, na kila mmoja aje na vitendawili kumi alivyovitunga mwenyewe kutoka mada moja. Mpishi wangu ana jiko la kijani, hapiki mpaka jua liwake: jani. Wageni walikaa mezani, shamba la babu wakagawana, babu hakualikwa: Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885. Alichanganya maji, akawaahidi watu kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji: Kinjekitile Ngwale, vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907. Kukitunga kitendawili chenyewe ni nusu ya kusoma, kwa sababu huwezi kukificha kitu ambacho hukijui.

Na ule mji usitolewe ovyo. Anayepewa mji aseme kuna nini huko, la sivyo mji haukupokelewa. “Nakupa Mwadui.” “Nimekwenda Mwadui, nimeokota almasi.” “Nakupa Songo Songo.” “Nimekwenda Songo Songo, nimepikia gesi asilia.” “Nakupa Mererani.” “Nimerudi na tanzanaiti, ila sikupi.” “Nakupa Mchuchuma.” Huyu akinyamaza, makaa ya mawe ya Ludewa yamempita, na Jiografia imepata mteja wa kesho. Nimewahi kuona kikundi kikimaliza madini yote ya nchi kwa saa moja, bila kufungua daftari, na waliokuwa wakipita njiani wakasimama kusikiliza.

Ukiwa peke yako, kata makaratasi ya madaftari ya zamani, swali mbele, jibu nyuma, kisha tafuta makopo matatu ya maziwa ya unga. Njia hii aliieleza mwandishi wa sayansi Sebastian Leitner mwaka 1972, yeye akiwa na kisanduku chenye vyumba; makopo yanatosha. Karatasi zote zianze kopo la kwanza, la kila siku. Ukilijibu swali, karatasi inapanda kopo la pili, la kila siku ya tatu. Ukilijibu tena, inapanda la tatu, la Jumapili. Ukikosa, hata kama karatasi ilikuwa la tatu, inashuka hadi la kwanza kama kijana aliyeharibu mjini na kurudishwa kijijini. Hakuna kuionea huruma.

Agizo la tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote, na nakuomba ulishike hata ukiyaacha mengine: mfundishe bibi.

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi. Siku anayoingia kidato cha kwanza anakuta karibu kila somo limevaa Kiingereza. Anafanya nini? Anakariri sauti. Mwulize osmosisi ni nini, atakumwagia sentensi nzima kama ilivyo kitabuni, haikosi hata mkato. Mwulize maana yake, atairudia sentensi ileile, safari hii kwa sauti ya juu zaidi. Si mvivu na si kilaza. Amebeba sanduku ambalo hajawahi kulifungua, na hakuna aliyempa nafasi ya kulifungua kwa lugha anayootea ndoto.

Bibi ndiye ufunguo. Hajui Kiingereza, hana haya ya kuuliza, na hatakubali jibu la kubabaisha. Nenda jikoni.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Mbona na daftari? Umefukuzwa?”

“Hapana, bibi. Nataka nikufundishe osmosisi.”

“Ugonjwa huo?”

“Siyo ugonjwa. Ni maji yanapopita kwenye utando mwembamba, yakitoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi.”

Bibi anaacha kisu. “Basi ndiyo maana vitunguu vya kachumbari nikivitia chumvi vinachuruzika maji?”

“Ndiyo hasa, bibi.”

“Haya. Na hiyo chumvi, mbona nayo isipite kuingia ndani ya kitunguu?”

Hapo, mwanangu, ndipo ulipofika mtihani. Swali la bibi linataka ueleze utando unaoruhusu maji na kuzuia vitu vingine, jambo ambalo sentensi uliyokariri ililitaja kwa neno moja gumu na wewe ukalipita mbio. Ukiweza kumjibu mpaka akaguna na kurudi kwenye kisu chake, umeelewa. Ukishindwa, sema “Nakuja, bibi,” rudi chumbani, funua kitabu hapohapo palipokushinda, kisha urudi. Jioni hiyohiyo andika maelezo yale kwa Kiingereza, kwa kuwa karatasi ya Novemba itakuja kwa Kiingereza na itajibiwa hivyohivyo. Lakini sasa unachotafsiri ni kitu ulichonacho mkononi. Fizikia nayo bibi anaijua kuliko anavyodhani. Mwulize kwa nini dereva wa daladala akikanyaga breki ghafla abiria waliosimama hurukia mbele, naye atakueleza kwa hasira, akimtaja na konda. Wewe mpe jina la Newton na sheria yake ya kwanza.

Bibi akiwa mbali, mfundishe mdogo wako. Mdogo wako akikimbia, mfundishe mbuzi. Mbuzi ana kasoro moja, haulizi maswali, ila ana subira, na kuyasema mambo kwa sauti bila kuangalia kitabu kunakuonyesha mara moja mahali unapokwama.

Kwa orodha zisizo na mantiki ya kushika, kama ule mpangilio wa metali kutoka iliyo kali kuliko zote hadi iliyo tulivu, panda basi. Inasimuliwa kwamba mshairi Mgiriki Simonides aliweza kuwataja wageni wote waliofunikwa na paa la ukumbi kwa kukumbuka kila mmoja alikaa wapi, na tangu hapo wasemaji wa Ugiriki na Rumi wakawa wanazipanga hotuba zao katika vyumba vya nyumba wanayoijua. Mtoto wa Dar es Salaam anaijua Barabara ya Morogoro kuliko nyumba yoyote. Panda mwendokasi Ubungo kuelekea mjini, ukiruka kituo kimoja au viwili. Ubungo, potasiamu imeanguka kwenye dimbwi na kulipuka, abiria wanakimbia. Shekilango, sodiamu inazunguka juu ya maji ikivuma kama nyuki. Urafiki, kwenye kiwanda cha nguo, mifupa imejifunga vitenge: kalsiamu. Manzese, juu ya daraja la waenda kwa miguu, mtu anachoma magnesiamu na mwanga mweupe umewapofusha wauza mitumba. Argentina, masufuria yamepangwa hadi barabarani: aluminiamu. (Jina la nchi ya Argentina linatokana na neno la Kilatini la fedha, kwa hiyo kaza macho kwenye masufuria.) Kagera, mabati mapya yenye zinki yanang'aa. Mwembechai, nondo za chuma zimeegemezwa mwembeni. Usalama, risasi, na hiyo haihitaji maelezo. Magomeni, mwizi amenaswa na nyaya za shaba. Jangwani, mafuriko yametanda yanametameta kama fedha. Kituo cha Faya, nyumba imeungua yote, dhahabu imebaki vilevile.

Safari mbili za namna hiyo zinatosha. Wa Mwanza atumie njia yake, wa Mtwara yake. Picha ziwe za vituko, maana kilicho cha kawaida ubongo hukipita tu.

Kuna pia ushairi, ambao Waswahili wametunzia elimu karne nyingi kabla ya madaftari. Vina na mizani hukataa neno lisilo mahali pake, kwa hiyo ukisahau, ubeti wenyewe unakukumbusha. Jitungie. Huu nimeutunga kwa ajili ya usanisinuru:

Maji yapande mizizi, hewa ukaa majani,
Jua lifanye ujuzi, klorofili i jikoni,
Sukari ndiyo malezi, yabaki mmea ndani,
Oksijeni ni pumuzi, yatoka kwenda hewani.

Uimbe ukifagia.

Na sasa mapumziko, jambo linalochukuliwa kama wizi wa muda. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kijana wa Kiitaliano, Francesco Cirillo, alikuwa mwanafunzi aliyeshindwa kutulia na kitabu. Akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, akaitega, na akajilazimisha kusoma mpaka ilie. Njia yake ilikuja kutulia kwenye dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika, na dunia ikaiita kwa jina la nyanya kwa Kiitaliano, pomodoro. Sisi tuna kitu bora: sufuria ya maharage.

Bandika maharage yasiyolowekwa kwenye jiko la mkaa, keti usome. Kila baada ya dakika kama 25 maji hupungua, na lazima uinuke, utoke nje, ufunue, uongeze maji, ukoroge, uangalie mkaa, umsalimie jirani ng'ambo ya ua. Dakika 5 zimekwisha, rudi. Saa ya nyanya ukiipuuza italia na kunyamaza. Maharage ukiyapuuza, mtaa mzima utajua. Mpaka yaive utakuwa umesoma awamu tano au zaidi, umetembea, macho yamepumzika kwa kuangalia mbali, na nyumba ina mboga. Mama aliyekuwa akilalamika kwamba mtahiniwa hasaidii kazi hatakuwa na la kusema. Chumvi tia mwishoni.

Baada ya awamu ya tatu au ya nne pumzika kwa muda mrefu kidogo, robo saa. Hapo cheza mdako, ruka kamba, piga danadana, jiunge na rede ya watoto wa jirani na uwaache wakupige. Michezo hii ina mwisho unaojulikana. Bao halina. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na nimewaona watu wazima waliokaa “kidogo tu” baada ya alasiri wakaitwa kwa swala ya magharibi. Liwekee Jumapili. Simu nayo iache ndani ya kabati, chini ya mashuka. Ukiishika kwa dakika 5 utaamka umejua maisha ya watu wote isipokuwa mada yako.

Na wakati wa mapumziko uruhusu kichwa kiulize. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba huko Lushoto, mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Maziwa yalitakiwa kuchemshwa, kuachwa yapoe, kisha kuingizwa kwenye friji. Nafasi ilikuwa inakwisha, akayaingiza yake yangali moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake. Alipouliza sababu aliambiwa amechanganyikiwa. Akaendelea kuuliza. Akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza mgeni wao, mhadhiri wa fizikia Denis Osborne kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, na wenzake wakamcheka mbele ya mgeni. Osborne alikwenda kujaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala ya pamoja katika jarida la Physics Education. Wanafizikia bado wanabishana kuhusu jambo hilo, na katika ubishi wao wote wanalitaja kwa jina la Mpemba. Mwanangu, ukitengeneza barafu za ubuyu mchana wa jua kali, usijione unapoteza muda. Tazama zinavyoganda, na ukiona jambo usilolielewa, liandike.

Wiki ya mwisho usifungue mada mpya. Maliza makopo yako, panda basi lako mara moja kila asubuhi, mwimbie bibi ule ubeti.

Nawe mzazi, nina ombi kwako. Ukimkuta mwanao ameketi chini ya mwembe anamweleza mbuzi mzunguko wa damu, usimwambie aache mchezo akasome. Mwachie dakika zake. Mletee chai na kiazi, keti naye kwenye mkeka, mwambie atege. Akitega ukashindwa, usilazimishe jibu kwa sababu ya umri. Mpe mji.